Kamba mbili za tani moja, mzigo kilo 900, kwa nini tunauzuia?

Malalamiko ya watu waliozuiwa kunyanyua mizigo yamekuwa mengi siku hizi na karibu yote ni wimbo mmoja: mzigo wangu kilo 900, kamba ziko mbili, kila moja imeandikwa tani moja, sasa mkaguzi ananizuia kwa lipi? Swali ni la haki na wengi mnauliza kwa nia njema, ndo maana naandika, maana pale saiti kreni inasubiri na mtu ameshapandisha hasira, hata ukimweleza haingii.

Mzigo ukining'inia umetulia maana yake nguvu zote zinazouvuta zimefutana, hilo mlisoma shuleni silirudii. Ila kutulia kwa mzigo hakukwambii kamba inavutwa kiasi gani. Kamba iliyokaa mshazari inavuta juu na inavuta pembeni kwa wakati mmoja. Ule mvuto wa juu ndo unaobeba, wa pembeni unafutwa na kamba ya upande wa pili, haubebi hata gramu moja, lakini kamba inauhisi wote.

Juzi nilipima kasha moja la hizo kilo 900, ndoano zake mbili zimeachana mita 2, na jamaa kafunga kamba za mita moja na sentimita sita hivi kila upande zikakutana juu kwenye ndoano ya kreni. Hapo engo kati ya kamba na mlalo ni digrii 20. Kila kamba inabeba nusu ya mzigo, yaani kilo 450, gawanya hiyo 450 kwa sine ya 20 unapata kilo 1,316 kwa kila kamba! Na zile ndoano zinavutwa kuelekeana kwa zaidi ya kilo 1,200, kasha lenyewe linabanwa kama limetiwa kwenye jiliwa. Ukilaza zaidi mpaka digrii 5 unafika kilo 5,163, na silingi ya waya, yaani kamba ya waya ya kunyanyulia, kwa kawaida inatengenezwa ihimili mara 5 tu ya kilichoandikwa, kwa hiyo hapo hatuongelei tena kuzidiwa, inakatika.

Halafu kuna hii ya "vuta kamba mpaka inyooke kabisa ndo inakuwa imara". Jamani hapana, nimeshaichoka hii. Kamba yenye uzito katikati hainyooki, hata uivute na trekta. Chukua kamba ya mita 10 kati ya nguzo mbili, tundika kilo 20 katikati, ikishuka sentimita 50, kila upande unavutwa na kilo 100 hivi, ukiikaza mpaka ishuke sentimita 10 tu inakuwa kilo 500, kwa mzigo uleule wa kilo 20. Ndo nguzo zinavyong'oka hivyo na watu wanasema udongo mbaya.

Kwa upande wa utaratibu naomba msome vizuri. Mkaguzi anaanza na lebo, si na kamba. Lebo haisomeki au imetoka, kamba inasimamishwa hapohapo hata kama ni mpya, risiti ya dukani haichukui nafasi ya lebo wala ya cheti, na namba ya kwenye cheti lazima ifanane na ya kwenye lebo, ikitofautiana tarakimu moja tunaihesabu haina cheti. Engo kati ya kamba mbili ikizidi digrii 120 tunasimamisha kazi bila kuangalia uzito. Kamba ikikutwa na fundo inatolewa, fundo linaweza kula karibu nusu ya nguvu yake. Iliyokataliwa inafungwa alama nyekundu, na ukiitoa hiyo alama ukairudisha kazini hilo ni kosa la pili, linaandikwa peke yake, halichanganywi na la kwanza, msije mkasema hamkuambiwa.

Wenye silingi ya miguu minne, yaani kamba nne zinazokutana juu, msigawe uzito kwa nne. Mzigo mgumu usiopinda unaweza kubebwa na miguu miwili ya kukabiliana huku mingine imelegea, ishike uitikise utaona.

Na huhitaji kifaa cha kupimia engo. Urefu wa kila kamba ukilingana na umbali kati ya ndoano mbili za mzigo, hapo una digrii 60. Yule jamaa wa kasha alikwenda akaleta kamba za mita 2, tani moja ileile, zina lebo na vyeti, nikapima tena mwenyewe, kila moja ilikuwa inabeba kilo 520, nikasaini akanyanyua.