Usajili wa ruti za taka: dampo linajuaje mzigo umetoka wapi

Usajili wa ruti za taka ni utaratibu wa kuipa kila ruti ya lori la taka namba yake ya kudumu, kuandika inapita mitaa gani na inahudumia nani, kisha kuiambatanisha namba hiyo na kila mzigo unaopimwa kwenye mizani ya dampo. Mwisho wa mwezi mhusika anafungua kumbukumbu na kusema tani kadhaa zimetoka eneo hili, tani kadhaa eneo lile, bila kukisia.

Kazi hiyo lazima ifanyike kabla lori halijamwaga. Likishamwaga, tingatinga linasambaza mzigo, linaushindilia pamoja na mizigo ya jirani, na jioni mizigo yote hufunikwa udongo. Tangu hapo taka za soko, za nyumba za kupanga na za ofisi zinakuwa kitu kimoja. Mtu anaweza kudhani kwamba ukichimba utapata ushahidi, na kwa kiasi fulani ni kweli. Mwanaakiolojia William Rathje wa Chuo Kikuu cha Arizona, Marekani, alianza mwaka 1973 kuchambua taka mbichi kutoka maeneo yaliyojulikana ya mji wa Tucson, na kuanzia 1987 yeye na wenzake wakaingia kuchimba madampo yenyewe. Walikuta magazeti yaliyofukiwa miaka mingi yakiwa bado yanasomeka, na tarehe za magazeti hayo ziliwasaidia kujua umri wa tabaka. Lakini gazeti linakuambia mwaka, halikuambii mtaa. Katika kazi yao ya kwanza walijua taka zimetoka wapi kwa sababu waliziandika zilipookotwa. Usajili wa ruti unafanya jambo hilohilo kwa mji mzima, kila siku.

Daftari la ruti, liwe la karatasi au la kompyuta, huwa na mambo machache ambayo kila moja lina sababu yake. Kuna namba ya ruti. Kuna mpaka uliochorwa kwenye ramani, na hapa umakini unahitajika hadi kwenye upande wa barabara, maana barabara moja huweza kuwa mpaka wa maeneo mawili na lori likaokota pande zote mbili. Kuna idadi ya nyumba na biashara zinazohudumiwa, siku za kupita, aina ya taka zinazobebwa, na jina la anayefanya kazi hiyo, iwe idara ya mji au mkandarasi. Na kuna tarehe ya kuanza na ya kuisha kwa kila toleo la ruti.

Hiyo tarehe ndiyo watu wengi husahau, nami naiona kuwa moyo wa daftari zima. Ruti hazikai mahali pamoja. Nyumba mpya zinajengwa, barabara inafungwa, mkandarasi anabadilishwa, lori linaharibika na nusu ya ruti yake inapewa jirani. Mpaka ukibadilishwa bila kuandika ni lini, tani za mwaka jana na za mwaka huu hazilinganishiki tena, na kila hesabu inayofuata inarithi kosa hilo kimyakimya. Toleo la zamani halifutwi. Linafungwa kwa tarehe, na jipya linafunguliwa.

Jambo la pili lisilofaa kukosewa ni kwamba namba ya ruti ni mali ya ardhi, haipaswi kuwa mali ya gari. Sehemu nyingi huandika namba ya usajili wa lori tu na kudhani inatosha. Lori moja laweza kufanya ruti tatu kwa siku, na ruti moja yaweza kufanywa na malori manne tofauti ndani ya mwezi. Anayeandika gari anajua nani alileta. Kujua taka zimetoka wapi ni swali jingine.

Tuangalie kinachotokea getini. Lori linapanda juu ya mizani ya magari, linasimama, karani anasubiri namba zitulie kwenye kioo. Tuseme linapima tani 16.4. Karani anaingiza namba ya gari na namba ya ruti, ambayo dereva anayo kwenye karatasi ya safari aliyokabidhiwa asubuhi kabla ya kutoka. Lori linakwenda kumwaga, linarudi tupu, linapima tani 9.9. Mzigo ni tani 6.5, na tiketi ya mizani inatoka ikiwa na tarehe, saa, uzito, gari na ruti. Baadhi ya madampo hutumia uzito wa gari tupu uliohifadhiwa ili kupunguza foleni. Inaruhusiwa, ila gari hubadilika: matope yanaganda chini, tangi la mafuta linajaa au linaisha, bodi linaongezwa chuma. Uzito huo usiporudiwa kupimwa mara kwa mara, kila tiketi inabeba kosa dogo upande uleule.

Karatasi ile ya asubuhi ina thamani kuliko inavyoonekana. Pasipo karatasi, karani humuuliza dereva ametoka wapi, na dereva hujibu kadiri anavyoelewa swali. Anaweza kutaja jina la mji mkubwa ingawa aliokota nje ya mpaka wake, au mahali ofisi yake ilipo, au kituo cha mwisho alichopakia. Hadanganyi. Anajibu haraka huku nyuma yake kuna malori mengine yakipiga honi.

Mizigo inayovuka mipaka ndiyo inayowasumbua makarani na wapangaji. Chukua ule mzigo wa tani 6.5 na ruti yenye nyumba 500, ambapo 300 zipo eneo la kwanza na 200 eneo la pili. Njia rahisi ni kugawa kwa idadi ya nyumba: eneo la kwanza linaandikiwa tani 3.9, la pili tani 2.6. Mgawanyo huo ni wa haki iwapo nyumba za pande zote mbili zinafanana. Upande mmoja ukiwa na hoteli na maduka, na mwingine nyumba za kuishi tu, hesabu inawaonea wenye nyumba. Dawa ni kupima mara chache ruti hiyo ikiwa imetenganishwa, lori likaokota upande mmoja na kupimwa, kisha upande wa pili na kupimwa, na uwiano uliopatikana ukaandikwa kwenye daftari pamoja na tarehe yake. Bora zaidi ni kuchora ruti zifuate mipaka tangu mwanzo pale inapowezekana, hata kama lori litazunguka kidogo.

Vituo vya kuhamishia taka vinaongeza ugumu. Hapo malori madogo humwaga, taka zikachanganywa na kupakiwa kwenye trela kubwa la kwenda dampo la mbali. Dampo linaona trela moja tu, chanzo chake kikiwa “kituo”. Kwa hiyo kupima na kuandika ruti hufanyika kwenye lango la kituo, na mzigo wa trela unagawiwa kwa uwiano wa tani zilizoingia kipindi hicho. Kituo kisipokuwa na mizani, mnyororo unakatikia hapo.

Kuna mizigo isiyo na ruti kabisa: mtu na gari lake la kubeba mabaki ya ujenzi, kampuni ya bustani, kontena lililokodishwa kwa wiki moja. Kwa hao hakuna njia nyingine ila kuuliza getini. Jimbo la California nchini Marekani limefanya hivyo kwa miaka mingi, na sababu yake inafundisha. Sheria ya jimbo hilo ya mwaka 1989 iliitaka kila mji na kaunti kupunguza taka zinazokwenda kufukiwa kwa asilimia 25 kufikia 1995 na asilimia 50 kufikia 2000, huku mamlaka iliyozembea ikikabiliwa na faini ya hadi dola 10,000 kwa siku. Dampo moja hupokea taka za miji mingi, kwa hiyo bila kujua kila mzigo umetoka mji gani, sheria hiyo isingepimika. Pindi faini inapotegemea chanzo cha taka, swali la dereva ametoka wapi linakuwa swali la fedha za watu, na jibu la mdomo halitoshi.

Kugawa gharama kwa haki ni faida ya kwanza. Faida ninayoiona kubwa zaidi ni kuzijua taka zenyewe. Mizani inatoa uzito tu, haisemi ndani kuna nini. Ili kujua kilichomo, watu huchukua sampuli na kuzichambua kwa mkono juu ya meza. Kiwango cha D5231 cha ASTM, shirika la kuweka viwango lenye makao Marekani, kinachotumika sana kinataka kila sampuli iwe kati ya kilo 91 na 136. Ukichagua malori ovyo, unapata wastani wa dampo zima usiomsaidia yeyote kuamua. Ukichagua kwa ruti, sampuli kadhaa za ruti za masoko, kadhaa za makazi, kadhaa za viwanda vidogo, unajua ni wapi mabaki ya chakula yamejaa kiasi cha kustahili mradi wa mboji, na wapi mradi huo ungekufa njaa. Mabaki yale yale ndiyo yanayooza bila hewa ndani ya dampo na kutoa gesi ya methani, kwa hiyo anayetaka kupunguza gesi hiyo anahitaji kujua ruti gani zinayaleta.

Daftari pia ni macho ya mlipaji. Mkandarasi akilipwa kwa tani, kishawishi ni kuongeza mawe na udongo, au kuleta taka za mteja mwingine kwa namba ya ruti ya umma. Akilipwa kwa nyumba, kishawishi kinageuka: kumwaga korongoni na kuokoa mafuta ya safari. Ruti iliyosajiliwa ina uzito wake wa kawaida kwa siku yake ya wiki. Ruti ya Jumanne iliyozoea kuleta tani 6 hadi 7 ikianza kuleta 10, au 3, hilo linatosha kumtuma mkaguzi akaangalie. Lolote laweza kuwa sababu, kuanzia sikukuu hadi lori bovu, ila angalau kuna mtu aliyegundua. Na sindano za hospitali zikionekana juu ya rundo, uchunguzi unaanzia kwenye tiketi chache za saa hiyo. Kwa wanaofanya kazi kwenye rundo hilo kwa mikono, haraka hiyo ni jambo la uhai.

Utaratibu huu hufananishwa na mingine iliyo karibu nao. Hati ya kusafirishia taka hatari, ambayo Marekani iliiweka chini ya sheria ya mwaka 1976 na kuanza kuipokea kwa njia ya kielektroniki tarehe 30 Juni 2018, huufuata mzigo mmoja mmoja kutoka kwa mzalishaji mwenye jina hadi mahali pa kuteketezwa au kufukiwa. Taka za nyumbani hazina mzalishaji mmoja wa kutia sahihi, ndiyo maana ruti inachukua nafasi yake. Mwaka 2009 maabara moja ya chuo cha MIT iliweka vifaa vya kufuatilia kwenye takriban vitu 3,000 vilivyotupwa huko Seattle, ili kuona vinaishia wapi. Hao walifuata taka kwenda mbele. Ruti inarudisha nyuma, kutoka dampo hadi mtaani. Na kifaa cha GPS ndani ya lori kinasaidia kuthibitisha kwamba gari lilipita, lakini hakijui kama lilisimama kupakia au kusubiri foleni.

Zipo pia chipu zinazowekwa kwenye pipa la kila nyumba. Zinatoa picha ya karibu kuliko ruti, na ukaribu huo una gharama yake. Mapipa husema mengi kuhusu wenye nyumba, na mwaka 1988 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya California dhidi ya Greenwood, iliamua kwamba polisi hawahitaji hati ya upekuzi kukagua taka zilizoachwa kando ya barabara kuchukuliwa. Ruti ya nyumba mia kadhaa inatosha kupanga na kugawa gharama bila kumwelekezea kidole jirani yeyote. Naona huo ndio ukubwa unaofaa, isipokuwa pale wananchi wenyewe wamekubali kulipa kwa uzito wa pipa.

Namba hizi zina mipaka yake. Mvua huongeza uzito wa taka zilizo wazi, hivyo mwezi wa mvua hauwezi kulinganishwa na wa kiangazi bila kuangalia hali ya hewa. Waokota chupa na vyuma huondoa sehemu ya mzigo kabla lori halijafika, na kazi yao hiyo ya kupunguza taka haionekani popote kwenye tiketi. Zaidi ya yote, ruti inahesabu taka zilizokusanywa, wala haihesabu zilizozalishwa. Mtaa ambao lori haliingii kwa sababu barabara ni nyembamba, au kwa sababu wakazi wake hawana uwezo wa kulipa, unaandikiwa tani sifuri na kwenye jedwali unaonekana msafi kuliko yote, wakati taka zake zinachomwa uani au zinakwenda mtoni. Ndiyo sababu daftari zuri lina orodha ya maeneo yasiyo na ruti, yakiwa na idadi ya nyumba zake kama maeneo mengine, ili anayesoma ile sifuri ajue kwamba huduma haijafika huko.