Mkono umelegea alfajiri? Usingoje jioni

Maswali haya kuhusu saa ya mwili na kiharusi huulizwa sana na walinzi, bodaboda na wapishi wa zamu ya usiku hapa Arusha.

Saa ya mwili ni nini?
Ni mpangilio wa takriban saa 24 unaoongoza usingizi, homoni na presha. Hata mimea inao. Kwa binadamu, saa kuu iko ubongoni na hurekebishwa na mwanga. Ini, moyo na kongosho vina saa zao.

Nikila chipsi saa nane usiku, si chakula ni kilekile?
Chakula ni kilekile, mwili siyo. Saa ya ini hufuata mlo, ya ubongo hufuata mwanga, na hapo zinapishana. Usiku insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu, haifanyi kazi vizuri kama mchana, kwa hiyo sukari hupanda zaidi. Kula ushibe kabla ya kuingia lindo.

Dawa ya presha nimeze lini?
Saa ileile uliyopangiwa, kila siku, hata siku ya mapumziko. "Nilipitiwa na usingizi" nimeisikia mno.

Kwa nini kiharusi hupenda asubuhi?
Kiharusi ni sehemu ya ubongo kukosa damu, mshipa ukizibwa na donge la damu au ukipasuka. Presha hushuka tukilala, kisha hupanda kuanzia alfajiri. Damu nayo huganda kirahisi zaidi saa hizo.

Nimeamka mkono hauna nguvu. Si nimeulalia vibaya?
Hapana, kaka. Mkono uliolaliwa huchomachoma, na baada ya dakika chache unarudi. Ukibaki umelegea, au mdomo umekwenda upande, au maneno yanakwama, chukulia ni kiharusi. Hospitali, sasa hivi.

Tumchue kwanza, tuone hadi jioni?
Hapana! Wagonjwa wanaletwa jua likizama, mkono unanukia mafuta ya kuchulia, na nikiuliza ilianza lini naambiwa "tangu asubuhi". Dawa ya kuyeyusha donge la damu, pale inapopatikana, kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu alipoonekana mzima mara ya mwisho. Kuchua hakufiki ubongoni. Shika kichwani saa aliyoonekana mzima mara ya mwisho, tafuta gari. Kwenye pikipiki atadondoka. Usimpe uji, atapaliwa. Usimpe aspirini: kama mshipa umepasuka, damu itazidi kuvuja.

Na akipata nafuu njiani?
Msigeuze gari. Nafuu hiyo inaweza kutangulia kiharusi kikubwa, na hatari ni kubwa zaidi siku mbili za mwanzo. Mleteni hivyohivyo, hata kama anatembea na kusema amepona.