Kupauka si kufa

"Matumbawe ya pale yamekwisha, yamepauka yote." Mwezi huu nimeyasikia maneno hayo redioni, kwa mzamiaji, na kwa kijana anayepeleka watalii mwambani. Wote walikusudia kusema yamekufa.

Maana yenyewe ni fupi. Tumbawe ni kundi la vinyama vidogo vinavyojijengea mifupa ya chokaa. Ndani ya nyama yao wamo vimwani wasioonekana kwa macho. Hao ndio rangi yake, na ndio wanaolilisha kwa nguvu ya jua, hata asilimia 90 ya mahitaji yake. Joto la maji likizidi kiasi cha nyuzi 1 juu ya kilele cha kawaida, likakaa hivyo kwa majuma, vimwani hutoka. Nyama hubaki kama kioo, mifupa myeupe ikaonekana.

Ila neno hili lilichaguliwa vizuri, ndiyo maana nalionea uchungu. Mtoto akitoka kuoga, mama humwambia, "Umepauka, njoo nikupake mafuta." Ngozi imekosa kitu, mtoto ni mzima. Kanga iliyoanikwa juani mwaka mzima tunasema imechujuka, na rangi yake hairudi tena. Tumbawe halichujuki, linapauka. Wala halipaushwi, kama wanavyoandika wengine, utadhani kuna mtu kalimwagia jiki. Linapauka lenyewe, kwa dhiki.

Litazame karibu usiku: jeupe pe, na bado linachomoza minyiri yake kutafuta chakula. Lililokufa halikai jeupe muda mrefu. Ukoga wa kijani na kahawia hulivamia, likawa kama jiwe la kisimani.

Ni kweli njaa ikizidi huua. Mwaka 1998, joto lilipopiga pwani yetu mwishoni mwa kaskazi, sehemu kubwa ya matumbawe ya Tutia, kule Mafia, ilikufa. Kwingine yalipauka, kisha yakarudisha rangi. Lakini mwamba ukishatangaziwa msiba ungali hai, nani atajali nanga inatupwa wapi, au juya linakokotwa juu ya nini?

Basi, mdogo wangu wa mashua, ukiona weupe chini ya maji waambie wageni yamepauka, yana njaa. Usiruhusu mtu ayakanyage. Kusi likishaingia na maji yakapoa, rudi uyaangalie. Ukikuta ukoga, hapo sema yamekufa.