Skrini yasema 50%, valvu iko 37.5%

Dhana: Namba ya kwenye skrini ndiyo iliyofika kwenye waya.
Ile namba ni agizo tu la programu ya kompyuta; kadi ya kutoa ishara ndiyo inayoligeuza kuwa mkondo wa umeme. Chukua kadi iliyosanidiwa 0–20 mA (miliampea) huku valvu ikisubiri 4–20 mA. Ukiagiza 50%, kadi inatoa 10 mA. Valvu inaondoa 4, inagawa kwa 16, inafunguka 37.5%. Chini ya 20% haisogei kabisa, na hapo ndipo mafundi huanza kuifungua valvu isiyo na kosa. Chagua aina ya ishara kwanza, kisha mizani: 0% iwe 4 mA, 100% iwe 20 mA. Katisha saketi, ingiza multimita kwa mfululizo, agiza 0, 25, 50, 75 na 100%. Usome 4, 8, 12, 16 na 20 mA. (Ukimaliza rudisha waya mwekundu kwenye tundu la volti. Fyuzi nyingi za multimita hufa kwa kusahau hilo.)

Dhana: Ishara ya mkondo haipotei njiani, basi unganisha vifaa utakavyo.
Haipotei, mpaka volti za kadi ziishe. Kadi inayomudu omu 500 ikibebeshwa vifaa viwili vya omu 250 na kebo ya omu 30, inaweza kukwama karibu na 18.9 mA. Valvu haivuki 93%, programu bado inaandika 100%.

Dhana: Programu ikifungwa, kila kitu kinazimika.
Kadi nyingi hushikilia thamani ya mwisho, na hita inaendelea kuwaka. Washa kipima-uhai cha mawasiliano (saa ya kadi inayogundua kompyuta ikinyamaza), tuseme sekunde 2, na uipe kila chaneli hali yake salama: hita izimwe, pampu ya kupoozea pengine iendelee. Kisha chomoa kebo ya mtandao ujionee. Kitufe cha dharura kikate umeme kwa waya, kisipitie kompyuta.

Dhana: Dijitali ni 0 au 1, hakuna cha kukosea.
Kadi ya PNP (aina ya transista) hutoa 24 V. Ya NPN huvuta kwenda 0 V. Rilei (swichi inayoendeshwa na koili ya umeme) iliyofungwa kwa aina moja ukiiunganisha na kadi ya aina nyingine, taa ya skrini inawaka, rilei imenyamaza. Koili ya DC nayo, ikikatiwa umeme, hurusha volti kali zinazoua transista, kwa hiyo funga diodi 1N4007 (hupitisha umeme upande mmoja tu) sambamba nayo, kathodi, yaani ncha yenye mstari, upande wa chanya. Ukiigeuza, agizo la kwanza la kuwasha ni shoti.