Mtoto amekunywa thina? Weka hayo maziwa chini

Mwisho wa mwezi ndio msimu wetu wa rangi. Mpangaji anahama Kayole kwenda Pipeline, mwenye nyumba anakataa kurudisha dipositi mpaka kuta zipakwe upya, na fundi naye anadai pesa ambazo hazipo. Basi mtu ananunua debe la rangi ya maji, kopo la rangi ya mafuta ya fremu za milango, na thina kidogo, ile ya kuzimulia rangi ya mafuta, iliyopimwa kwenye chupa ya soda. Kazi inaanza Jumamosi jioni, watoto wakiwa humo humo chumbani. Jumapili asubuhi wako kwangu. Mimi ni muuguzi katika zahanati ya mtaa huku Eastlands, Nairobi, na haya ndiyo maswali ninayoulizwa.

Sista, rangi ina ubaya gani na inauzwa madukani tu?

Rangi ya maji, ile ya kutani, si tatizo kubwa. Rangi ya mafuta, ile inayong'aa kwenye fremu, skatingi na grili, huchanganywa na tapentaini au thina. Hizo zichukulie kuwa ndugu wa petroli na mafuta ya taa: nyepesi, zinavukiza upesi, zinashika moto upesi. Na kwa macho ya mtoto, thina ni maji.

Mtoto wangu wa miaka miwili ameinywa. Nimpe maziwa?

Hapana.

Hata kidogo tu, ya kupunguza makali?

Hata kijiko kimoja, mama. Sikiliza nikueleze, kwa sababu nimechoka kupokea watoto wenye shati lililolowa maziwa na thina kwa pamoja. Hatari kubwa ya thina haiko tumboni, iko mapafuni. Ni nyepesi mno, kwa hiyo mtoto akikohoa au akitapika inateleza na kuingia kwenye njia ya hewa. Chini ya mililita moja ikifika kwenye mapafu inaweza kuleta nimonia ya kemikali. Sasa wewe umemjaza kikombe cha maziwa, tumbo limejaa, anatapika, na thina inapita kooni mara ya pili. Mara ya kwanza alibahatika. Mara hii umemsukuma wewe.

Usimtie kidole kooni. Usimpe maji ya chumvi, wala mafuta ya kupikia, wala yai bichi. Mwondolee chupa, mvue nguo zilizolowa, mwoshe ngozi kwa sabuni na maji, kisha toka nyumbani. Chupa ije pia.

Lakini mimi mwenyewe nilikunywa mafuta ya taa utotoni, nikapewa maziwa, nikapona.

Ulipona kwa sababu mafuta hayakufika mapafuni kwa wingi. Maziwa yalikuwepo tu, yakapewa sifa. Ambao hawakupona hawaji hapa kunisimulia.

Ametapika mwenyewe na sasa anacheza. Kuna haja ya kuja?

Ipo, na kule kutapika ndiko kunakonitia wasiwasi. Dalili huchelewa. Mtoto anaweza kucheza saa mbili au tatu, kisha akaanza kukohoa, kupumua haraka, mbavu zikibonyea ndani, homa ikapanda, au akasinzia kwa namna ambayo si ya kawaida. Ndiyo maana tunataka aangaliwe kwa muda usiopungua saa sita hata akiwa mzima machoni pako.

Kinachofanyika mtaani ni hiki: anaanza kukohoa usiku, baba anakimbia duka la dawa, anauziwa dawa ya kikohozi na antibiotiki nusu dozi, na siku ya pili mtoto analetwa midomo imegeuka rangi. Dawa ya kikohozi haitoi thina mapafuni. Kama tayari anakohoa au anahema, usipitie hata kwangu. Mimi sina eksirei, nitakuandikia rufaa na tutakuwa tumepoteza muda. Nenda moja kwa moja hospitali ya Mama Lucy, Mbagathi, Kenyatta, popote palipo karibu penye oksijeni. Usingoje asubuhi.

Fundi wetu hunywa pakiti ya maziwa baada ya kazi ili kusafisha kifua. Hayo pia ni makosa?

Maziwa ni chakula kizuri, anywe na mkate. Ila kifua hakisafishwi nayo. Maziwa yanashuka tumboni, mvuke wa thina umepita mapafuni ukaingia kwenye damu. Njia mbili tofauti. Kichwa kikimgonga, akiona kizunguzungu au kichefuchefu, ateremke ngazi na atoke nje apate hewa, si aende dukani kununua maziwa halafu arudi kwenye chumba kile kile kilichofungwa. Barakoa ya hospitali haizuii mvuke. Tundu zake ni kubwa mno kwa kazi hiyo. Dirisha na mlango vilivyo wazi ndivyo vinavyomsaidia. Mwenye pumu asipake rangi ya mafuta kabisa, na mjamzito vilevile.

Baridi ya Julai, tunaweza kuwasha jiko chumbani ili rangi ikauke upesi?

Kwa swali hili huwa naweka kalamu chini kwanza. Jiko la makaa kwenye chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, inayoua watu wakiwa usingizini. Na safari hii harufu kali ya rangi inawapa kisingizio cha maumivu ya kichwa, mnasema ni rangi tu, mnalala. Ongeza mvuke wa thina karibu na makaa yanayowaka: moto. Rangi hukaushwa na hewa inayopita. Rangi ya mafuta huhitaji usiku mzima au siku nzima hata ikiharakishwa vipi.

Kitunguu kilichokatwa na kuwekwa pembeni ili kivute harufu? Mtalala kwenye harufu ya rangi na kitunguu. Peleka watoto kwa jirani au kwa jamaa usiku wa kwanza, na wa pili pia kama harufu bado ni kali. Mkikosa pa kwenda, pakeni chumba mchana, sehemu kwa sehemu, madirisha wazi, na mlale upande ambao haujapakwa.

Je, kupiga msasa rangi kuukuu?

Kwenye nyumba za zamani, kama za Kaloleni au Jericho, fremu zina tabaka juu ya tabaka, na zile za chini huenda zina madini ya risasi. Viwango vya Kenya sasa vinaruhusu sehemu 90 tu za risasi kwa milioni katika rangi, lakini kiwango cha leo hakibadilishi rangi iliyopakwa enzi za babu. Wengi wetu tuliisikia sumu hii kupitia mtaa wa Owino Uhuru kule Mombasa, ambako ilitoka kwenye kiwanda cha kuyeyusha betri. Vumbi la rangi kuukuu ni njia nyingine ya madini hayo hayo. Mtoto mdogo hufyonza risasi anayoimeza mara nne hadi tano kuliko mtu mzima, na inaharibu ubongo pole pole bila kelele. Usipige msasa mkavu. Lowesha kwanza, kisha pangusa sakafu kwa tambara lenye maji. Ufagio unarusha vumbi tu. Mtoto anayetambaa asiwepo.

Rangi imeingia jichoni. Wanasema maziwa ya mama yanatuliza.

Tumerudi kwenye maziwa! Hapana, hata ya mama. Maji safi ya mfereji, jicho likiwa wazi, dakika 15 bila kukatiza, na kwa chokaa zaidi ya hapo, kwa sababu chokaa huendelea kula jicho hata maumivu yakitulia. Kisha njoo, hata kama unaona vizuri.

Shosho, nyanya ya mtoto, yuko nyumbani na hatakubali mtoto aondoke bila kupewa maziwa. Nifanye nini?

Mwambie kwa heshima kwamba sista amekataa, lawama niibebe mimi. Halafu mpe kazi: ashike ile chupa, kifuniko kimefungwa, aje nayo kwenye boda ya pili. Daktari ataiulizia kabla ya jina la mtoto, na mara nyingi huwa imesahaulika mezani karibu na kikombe cha maziwa.