Je, wajua kwa nini tatoo nyekundu ndo inayosumbua watu zaidi?

Kuna watu wana tatoo ya ua waridi, petali zimetuna, zimekuwa ngumu, zinatoa magamba na zinawasha hatari, halafu majani ya kijani na mstari mweusi uliozunguka vimetulia kimya. Ukifumba macho ukapitisha kidole unajua kabisa nyekundu imeanzia wapi na imeishia wapi. Sasa mtu anaona hivyo anakimbilia kumlaumu mchoraji kwamba sindano ilikuwa chafu, kumbe uchafu wa sindano haungechagua rangi. Hiyo ni aleji ya wino, na kwenye aleji za wino nyekundu ndo kinara.

Zamani nyekundu ilitoka kwenye sinaba, madini yenye zebaki, kwa hiyo lawama zote zilienda kwa zebaki na ilistahili. Ila siku hizi wino mwingi mwekundu umeachana na zebaki na bado watu wanajikuna. Zinazotumika sana sasa ni rangi za kiwandani za jamii ya azo, ambazo nyingi zilitengenezwa kwa ajili ya plastiki, rangi za magari na wino wa kuprinti, sio kwa ajili ya kukaa mwilini mwa mtu miaka 40. Mi hapo ndo huwa nachoka.

Kinachotokea ni hivi: sindano inapeleka wino kwenye ngozi ya ndani, sio ile ya juu ambayo inajibandua na kujibadilisha kila baada ya wiki kadhaa (hina inakaa hapo juu ndo maana inafutika). Huko ndani kuna chembe za kinga zinaitwa makrofeji, zinaukuta wino zinaumeza, lakini kuusaga haziwezi, zinabaki nao tu. Utafiti uliofanyika Ufaransa kwa panya, ukatoka 2018, ulionesha kwamba makrofeji ikifa inauachia wino na nyingine mpya inaudaka palepale. Kwa hiyo kinga ya mwili inashughulika na huo wino kila siku. Juu ya hapo mwanga wa jua unaweza kuivunjavunja azo ikatoa kemikali nyingine mpya, zikishikana na protini zako kinga inaziona ngeni, vita inaanza.

Ndo maana aleji hii haina haraka, inaweza kuja baada ya wiki, miezi, hata miaka, mtu alishasahau kama alichora. Na ndo maana ukienda kupimwa kwa kubandikwa wino mgongoni mara nyingi unaambiwa huna aleji nao, kwani inaonekana kinachokuchokoza kimezaliwa ndani ya ngozi, kwenye chupa hakikuwepo.

Rangi nyingine nazo zina vituko vyake, njano yenye kadimiamu (aina ya metali) kwa mfano huweza kuvimba ukikaa juani. Umoja wa Ulaya ulibana kemikali zaidi ya 4,000 kwenye wino wa tatoo kuanzia Januari 2022. Nyeusi ndo mpole kidogo maana nyingi ni kaboni, masizi tu.

Lakini msije mkachanganya na nyeusi ya piko! Ile ya Mombasa na Zanzibar, wanayochora maharusi na watalii kule bichi, ni dawa ya nywele yenye PPD, kemikali ya kutia weusi, na hina ya majani peke yake haitoi weusi tii hata siku moja. Ikikukataa unapata malengelenge yanayofuata ua lilelile ulilochorwa, na ukishapata aleji hiyo ndo unayo maisha, ukija kupaka nywele dawa nyeusi uzeeni uso mzima unaweza kuvimba.

Tukirudi kwenye tatoo, daktari wa ngozi huanza na krimu ya steroidi, ikigoma anachoma sindano palepale penye uvimbe, ikigoma tena sehemu yenye rangi inakwanguliwa kwa kisu. Kovu linabaki, ila kuwasha mara nyingi kunaisha. Laser ya kufutia tatoo ndo usiikimbilie kabisa kabla hujaongea nae, kwa sababu inausambaratisha wino vipande vidogovidogo na kuna watu walitokwa vipele mwili mzima, wengine hadi pumzi ikabana.