Mji Hupataje Watu wa Kila Asili?

Simama njia panda ya mji mkubwa, funga macho, kisha chagua wapita njia wawili. Je, watakuwa wa asili moja au tofauti? Swali hili linafanana na mchezo wa watoto, lakini ndilo tunalolitumia sisi wa takwimu za watu kupima uchanganyiko wa wakazi. Kanuni yake iliandikwa na Mwingereza Edward Simpson mwaka 1949. Mji wenye makundi manne yaliyo sawa kwa ukubwa hupata asilimia 75, maana yake mara tatu kati ya nne wale wawili watatofautiana. Mji wenye kundi moja la asilimia 90 na mengine mawili ya asilimia 5 kila moja haufikishi hata asilimia 19. Ndiyo maana napokea kwa tahadhari sifa za "mji wenye mataifa mia". Mataifa mia yanaweza kuwepo, na bado karibu kila unayepishana naye akawa wa asili ileile.

Kabla ya kuhesabu, lakini, lazima mtu aamue makundi ni yapi, na hapo ndipo ugomvi unapoanzia. Mwaka 1972 mwanajenetiki Richard Lewontin alionyesha kwamba takriban asilimia 85 ya tofauti za kijenetiki za binadamu zimo ndani ya jamii mojamoja, si baina ya jamii na jamii. Mipaka ya kile tunachokiita rangi au mbari imechorwa na watu, na kila nchi ina kalamu yake. Sensa ya Brazili ina makundi matano ya rangi, mojawapo likiwa la waliochanganyika. Sensa ya Ufaransa haiulizi rangi kabisa. Marekani ilimlazimu kila mtu awe na mbari moja tu hadi sensa ya mwaka 2000, ndipo ikaruhusu kuweka alama zaidi ya moja. Mtu mmoja akizunguka nchi hizo tatu atahesabiwa kwa namna tatu, ilhali hajabadilika hata unywele.

Tena rangi na utamaduni ni vitu viwili. Mji unaweza kuwa na watu wa rangi moja wanaosema lugha hamsini na kuabudu kwa njia kumi, na mwingine ukawa na watu wa rangi zote wanaosema lugha moja na kucheka mambo yaleyale. Anayepima kimoja akatangaza vyote viwili anadanganya, hata kama hakukusudia.

Sasa, watu hao hufikaje? Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Katika historia ya miji, mara nyingi jembe ndilo lililotangulia, likamwita mgeni. Brazili ilipokomesha utumwa mwaka 1888, mashamba ya kahawa ya jimbo la São Paulo yalihitaji mikono mipya. Wakaja Waitaliano kwa wingi, na mwezi Juni 1908 meli Kasato Maru ikatia nanga bandari ya Santos ikiwa na Wajapani karibu 800. Walikwenda mashambani, na wengi wakaona mkataba ni mchungu kuliko walivyoahidiwa. Kidogokidogo baadhi yao walihamia mjini São Paulo na kujaza mtaa wa Liberdade. Leo Brazili ndiyo yenye watu wengi wenye asili ya Japani kuliko nchi yoyote nje ya Japani yenyewe, na mzizi wa jambo hilo ni kahawa.

Kazi huita, lakini sheria ndiyo inayofungua mlango. Australia ilipitisha sheria mwaka 1901 iliyompa ofisa wa bandarini uwezo wa kumpa mgeni mtihani wa imla katika lugha yoyote ya Ulaya. Mtihani haukuwa na nia ya kupima elimu bali kuwazuia wasio weupe na wengine wasiotakiwa, kwa sababu ofisa alichagua lugha ambayo mgeni hakuijua, basi. Mwaka 1934 mwandishi Egon Kisch, aliyejua lugha kadhaa za Ulaya, alipewa imla ya Kigaeli cha Uskoti ili ashindwe, na akashindwa. (Baadaye Mahakama Kuu ya Australia iliamua kwamba Kigaeli hakihesabiki kuwa lugha ya Ulaya kwa maana ya sheria ile, uamuzi ambao bila shaka uliwaudhi Waskoti.) Siasa hiyo ya kuwapendelea weupe ilimalizwa rasmi mwaka 1973, na sura za Sydney na Melbourne za leo ni za baada ya hapo. Kanada nayo ilianza mwaka 1967 kuwapima waombaji kwa alama za elimu, ujuzi na lugha badala ya nchi walikotoka. Katika sensa ya mwaka 2021, karibu nusu ya wakazi wa Toronto na viunga vyake walikuwa wahamiaji.

Marekani inatufundisha kwamba hata watunga sheria hawajui watakachovuna. Sheria yao ya mwaka 1924 iligawa nafasi kwa mataifa, ikiyapendelea ya kaskazini na magharibi mwa Ulaya. Ile ya mwaka 1965 ilifuta mgawo huo na kutoa kipaumbele kikubwa kwa jamaa za waliokwisha kuingia. Waliopitisha walidhani jamaa hao watakuwa Wazungu zaidi. Ikawa kinyume, kwani Asia na Amerika ya Kilatini ndizo zilizoitumia nafasi. Walichosahau ni kwamba mtu haendi nchi ya mbali tu, anakwenda kwa ndugu. Wa kwanza akipata chumba, wa pili analala sakafuni mwake, wa tatu anaelekezwa kazi na wa pili. Ukiona mtaa mzima una watu wa wilaya moja ya nchi ya mbali, usitafute sababu kubwa. Tafuta aliyetangulia.

Kufika, hata hivyo, si kukaa. Dubai ukiipima kwa kanuni ya Simpson itang'ara, kwa kuwa takriban wakazi tisa katika kila kumi si raia, nao wametoka mataifa mengi. Ila kwa wengi wao ruhusa ya kukaa imefungamana na ajira, na uraia hutolewa kwa wachache mno. Nauona uchanganyiko wa namna hiyo kuwa tofauti na ule wa London au Toronto, ambako mtoto wa mhamiaji anagombea udiwani na mjukuu wake hajui tena ni lini wazee wake walivuka bahari.

Na kukaa mji mmoja si kukaa pamoja. Kati ya mwaka 1910 na 1970, Wamarekani Weusi takriban milioni 6 waliondoka majimbo ya kusini, wengi wakielekea miji kama Chicago. Walikuta ramani za miaka ya 1930 ambamo mitaa ya Weusi ilipakwa rangi nyekundu, alama ya kwamba mkopo wa nyumba huko ni hatari. Sheria ya kukataza ubaguzi wa makazi ilikuja mwaka 1968, wakati mipaka ilikwisha kukauka. Kwa jumla Chicago ni mji wa mchanganyiko, lakini ukishuka mtaa kwa mtaa mchanganyiko unakuponyoka.

Singapore ilichukua njia iliyo kinyume. Tangu mwaka 1989, kila jengo la nyumba za umma, ambamo wanaishi wakazi wengi wa nchi hiyo, lina kikomo cha Wachina, Wamalai na Wahindi. Majirani wanachanganyika kwa amri. Gharama ipo: Mmalai au Mhindi anayeuza nyumba anaweza kukosa mnunuzi kwa sababu nafasi za kundi fulani zimejaa. Naona wamelipia kitu chenye thamani, ingawa bili haikugawanywa sawa.

Uchanganyiko huo pia hubomoka. Thessaloniki, bandari ya kaskazini mwa Ugiriki, iliwapokea Wayahudi waliofukuzwa Hispania mwaka 1492. Kwa zaidi ya karne nne walisema Kihispania chao cha kale sokoni na gatini, pamoja na Waislamu waliosema Kituruki na Wakristo waliosema Kigiriki. Mwaka 1912 Ugiriki iliutwaa mji. Mwaka 1923 Ugiriki na Uturuki zikakubaliana kubadilishana watu kwa dini zao, Waislamu wa mji wakapelekwa Uturuki, na wakimbizi Wakristo wakaja badala yao. Mwaka 1943 Wajerumani waliwasafirisha Wayahudi zaidi ya 40,000 kwa treni, wengi sana wakauawa katika kambi ya mauaji ya Auschwitz. Makaburi yao yalikuwa yamekwisha kuvunjwa kuanzia Desemba 1942, na juu ya uwanja huo leo ndipo kilipo Chuo Kikuu cha Aristotle.